Kayaki ya bahari kwa pandikizi la mtu: usiuziwe upana peke yake

Nina kilo 118, urefu wa mita 1.91 na navaa kiatu namba 47. Nayaweka haya mbele kabisa kwa sababu tathmini nyingi za kayaki za bahari zimeandikwa na watu wa kilo 70 na kitu, ambao habari ya nafasi wanaimaliza kwa sentensi moja, "ina nafasi ya kutosha", kisha wanahamia kwenye rangi. Ya kutosha kwa nani? Sisi mapandikizi ya watu tunaachwa tubahatishe, na kayaki ya bahari si kitu cha kubahatisha. Ukishaingia umeivaa kuanzia kiunoni kwenda chini, na ikikubana au ikikupwaya utajua kabla hujafika mbali.

Nitazungumzia kayaki nne nilizozikalia. Sizitaji kwa jina, na nina sababu: kiwanda kinaweza kubadilisha kiti, vikanyagio, hata urefu wa tundu la kukalia katika toleo jipya huku jina likibaki lile lile. Jina nililolisifu mimi laweza kukupa chombo kingine kabisa. Vipimo ndivyo vya kushika. Beba futi kamba uende nayo dukani, na ukionekana kituko, shauri yao.

Ya kwanza ni ile ambayo muuzaji humwonyesha kila mtu mnene. "Kaka, kwa mwili wako chukua hii, hii haipinduki." Plastiki, urefu mita 4.3, upana sentimita 63, tundu kubwa la kuingia bila kuhangaika, kiti chenye mgongo mrefu. Kwenye maji yaliyolala ni raha tupu. Unakaa, unapiga picha, unageuka kuongea na mwenzako aliye nyuma, wala haitikisiki. Ningekuwa mtu wa kuvua samaki kwenye maji yaliyofungwa ningeishia hapo.

Shida inaanza na mawimbi. Chombo kipana chenye tumbo bapa hufuata uso wa maji. Maji yakiwa sawa, nacho kiko sawa; wimbi likija ubavuni uso wa maji unainama, chombo kinainama nao, na kilo zangu zilizo juu ya kiti zinataka kwenda kule kule kinakoinamia. Mtu mwepesi anajirudisha kwa kiuno tu. Mimi nina kifua na mabega yenye uzito wake, na kwa urefu huu kitovu cha uzito wangu kiko juu kuliko cha mtu mfupi, kwa hiyo ule utulivu niliosifiwa dukani baharini unanisukuma nje. Kayaki yenye tumbo la mviringo kidogo hutikisika mwanzoni, lakini wimbi hupita chini yake wewe ukabaki wima; na ukiiinamisha ubavu inafika mahali inakaza, inakushikilia. Utulivu huo wa pili ndio wa kuutafuta, na hutauona kwa kutikisa kayaki dakika mbili pembeni mwa bwawa.

Halafu kafi. Upana ule ulinilazimisha kupeleka mikono mbali na chombo, kafi likawa linazoa maji kwa duara pana, omo (ncha ya mbele) inayumba kushoto na kulia. Na kwa urefu ule mfupi, nilipoongeza nguvu mwendo haukuongezeka: omo ilipanda, tezi (ncha ya nyuma) ikazama, tukawa tunasukuma wimbi letu wenyewe. Wenzangu waliokuwa kwenye kayaki za mita tano na ushee walikuwa wanapiga kafi huku wanapiga soga. Mimi nilikuwa napiga kafi tu.

Kwa hiyo upana ni mbaya? Hapana, na hapa ndipo watu wanapotofautiana nami. Kayaki za watu wa Aktiki zilijengwa kwa mwili wa atakayezitumia. Kanuni inayotajwa sana ni hii: urefu mara tatu ya mikono iliyonyooshwa, upana wa nyonga ukiongeza ngumi mbili, kina cha ngumi moja na kidole gumba kilichosimama. Nilijipima kwa mchezo tu. Mikono yangu ikinyooshwa ni mita 1.93, kwa hiyo kayaki ingekuwa mita 5.79; nyonga na ngumi mbili zikaja sentimita 61. Karibu ule ule upana wa kayaki ya dukani! Tofauti ni kwamba kwa kanuni ile upana unakuja pamoja na urefu. Gawanya: 5.79 kwa 0.61 ni kama 9.5. Ile ya plastiki, 4.3 kwa 0.63, haifiki hata 7. Mtu mkubwa anahitaji kayaki iliyokuzwa kila upande. Anachouziwa mara nyingi ni kayaki fupi iliyovutwa ubavu.

Tuje kwenye namba ya "uzito wa juu" iliyoandikwa kwenye karatasi za dukani, maana hii imewadanganya wengi. Haina maana moja. Kwa mmoja ni mtu na mzigo wake. Kwa mwingine ni kiwango ambacho chombo bado kinaelea, ambacho si lazima kiwe kiwango ambacho bado kinapigika kafi vizuri. Viwanda vingine hutoa pia kipimo cha uzito unaofaa wa mpiga kafi, kutoka kilo kadhaa hadi kadhaa. Kikiwapo, soma hicho na uiache ile ya juu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kayaki ya mita 5 na ushee, upana sentimita 55 hivi, inalalia maji kwa eneo la kama mita mraba 1.5, kwa sababu ncha zote mbili zimechongoka. Ili izame sentimita moja zaidi inatakiwa isukume lita 15 za maji, yaani kilo 15 na kidogo kwa maji ya bahari. Kati yangu na mtu wa kilo 75 kuna kilo 43. Hiyo ni karibu sentimita tatu. Ukizisikia ni ndogo, mpaka uzitazame kwenye sitaha ya nyuma, ambayo katika kayaki nyembamba tayari imelala jirani na maji. Bado hujaweka maji ya kunywa, nguo za kubadili, pampu na kamba ya kuvutia. Ukijumlisha kila kitu ukakuta umebakiza kilo kumi tu kufikia ile namba ya juu, nenda kwenye kayaki nyingine.

Njia nzuri ya kupima ni kumwomba mtu asimame kwenye maji ya kiunoni, akupige picha ubavuni umekaa umetulia, umevaa vyote na mzigo wako wa siku umo ndani. Tazama vitu viwili tu kwenye picha. Sitaha nyuma ya tundu iko juu ya maji kiasi gani? Na je, chombo kimelala sawa, au tezi imekaa chini na omo imeinua pua?

Hicho cha pili kinatusumbua sisi zaidi kuliko wengine. Mpiga kafi hukaa nyuma kidogo ya katikati ya chombo, na uzito wetu mwingi uko kiwiliwilini. Tezi ikizama, inashika maji. Omo iliyoinuka inashika upepo. Wenzako wepesi watakuambia kayaki zao hugeuza omo kuelekea upepo unakotoka, nao hushusha skegi, ule ubao mdogo unaotoka chini karibu na tezi, mambo yakanyooka. Wewe kayaki yako inafanya kinyume: inakimbia upepo, na ukishusha skegi unazidi kuifunga tezi, inakimbia zaidi. Wanakwambia hujui kutumia skegi. Kumbe dawa ni kuhamisha uzito mbele. Mfuko wa maji wa lita kadhaa kwenye stoo ya mbele, au kiti kusogezwa mbele sentimita mbili, tatu, na chombo kinakuwa kingine.

Kayaki ya pili ilikuwa kinyume cha ya kwanza: faiba, mita 5.4 kwa sentimita 53, tundu dogo la yai. Mtindo huu una heshima yake. Kayaki nyingi za bahari za ukoo wa Uingereza zina damu ya Nordkapp ya Valley, aliyoichora Frank Goodman kwa safari ya mwaka 1975 kwenye pwani ya Norwe, na zile za mwanzo zilikuwa na tundu dogo hivyo hivyo. Tundu dogo hushika maji machache na sketi yake, kile kifuniko unachokivaa kiunoni na kukifunga kwenye mdomo wa tundu, haitoki kirahisi wimbi likikupiga. Lakini kuingia kwake kuna utaratibu: unakaa kwenye sitaha ya nyuma, kafi limelazwa mgongoni mwako liwe egemeo, unapitisha miguu yote miwili ikiwa imenyooka, kisha unajishusha. Mapaja yangu yalipita mdomo wa tundu yakisuguliwa pande zote mbili. Magoti yakapotea chini ya sitaha. Nyonga zikagoma nusu ya njia. Nikatoa vile vipande vya sponji vya pembeni mwa kiti, nikajishindilia, nikafika.

Ndani ya maji, nilipoegemea nyuma kidogo tu, maji yalipanda sitaha yakalowesha mgongo wa jaketi langu la kuelea. Mwendo ulikuwa mtamu, sikatai. Kulala ubavu, kugeuka, yote ilikuwa inasikiliza goti. Lakini kutoka kulinichukua muda wa kujipinda na kuguna kwenye maji ya magotini, na chombo ambacho siwezi kutoka haraka kikiwa kimepinduka sikipeleki baharini, kiwe na mwendo gani. Mwenye nyonga nyembamba na mapaja ya kawaida ataipenda. Mimi nilishukuru nikairudisha.

Ndiyo maana soko lina matoleo ya saizi mbalimbali. Cetus ya P&H ina LV, MV na HV, yaani ujazo mdogo, wa kati na mkubwa. Tempest ya Wilderness Systems imetolewa kwa 165, 170 na 180, namba zikifuata urefu kwa futi, na ile 170 ina upana wa inchi 22, kama sentimita 56. Romany ya Sea Kayaking UK ina ndugu yake wa miraba minne, Romany Excel. Ukiona chombo kinakuja kwa saizi moja tu na karatasi inasema kinamfaa kila mtu, wewe humo kwenye huyo "kila mtu".

Ya tatu ndiyo iliyonifundisha umuhimu wa kiti. Plastiki, mita 5.2 kwa 56, tundu la umbo la kitundu cha ufunguo, urefu wa mdomo sentimita 85. Kipimo hicho cha mwisho kipime mwenyewe, kwa njia hii: kaa kwanza kwenye kiti, kisha ingiza mguu mmoja mmoja ukiwa umekaa. Goti likipita chini ya mdomo wa mbele bila wewe kuinua makalio, umepona. Likigota, siku ya kuingia na kutoka kwenye mawimbi ya ufukweni utachekesha watu. Kwa urefu wangu, chini ya sentimita 82 sihangaiki hata kujaribu.

Hii nilipita. Lakini ndani ya nusu saa mguu wa kulia ukafa ganzi kuanzia chini ya paja hadi kidole. Watu hudhani ni ubanaji wa mapaja. Nilipolala kifudifudi kuchungulia chini ya kiti nikaona mambo mawili. La kwanza, ukingo wa mbele wa kiti ulikuwa juu na mkali, na uzito wote wa paja ulikuwa umelala hapo kwa sababu mguu mrefu ukikunjwa, sehemu ya mbele ya paja haigusi kitu. La pili, kiti kilikuwa kinaning'inia: kati ya sehemu yake ya chini kabisa na tumbo la kayaki niliweza kupitisha vidole vinne vilivyolala. Nafasi hiyo yote ilikuwa inaniinua juu bure.

Nilifungua boliti, nikatoa kiti kizima na kuchonga kingine kwa sponji ngumu isiyonywa maji: msumeno wa mkono kwa umbo la kwanza, kisha msasa mkavu, kukalia, kuchonga tena panapochoma. Nyuma niliacha unene wa kama sentimita mbili na nusu, mbele nikaupandisha taratibu hadi katikati ya paja ili mguu upate pa kulala. Nilishuka kama sentimita mbili. Ukisoma utaona ni kitu kidogo. Kwenye maji ilikuwa kana kwamba nimebadilishiwa chombo: kile kitetemeko cha nyonga wimbi la ubavuni linapopita kiliisha, na ganzi haikurudi. Kabla hujalipia upana wa ziada, tazama kama kuna kiti cha kushusha. Ni sponji na gundi tu.

Vikanyagio pia. Kiatu namba 47 cha mpira, chenye soli nene, kinataka urefu wa sitaha ambao mbele ya kayaki haupo, kwa sababu sitaha inashuka kadiri unavyokwenda kwenye omo. Vidole vinagota juu, unalazimika kulaza miguu nje, magoti yanatoka kwenye vishikizo vya mapaja. Dawa yangu ni kuvitoa vikanyagio na reli zake na kujaza sponji mbele ya ukuta wa ndani, ule unaotenga tundu na stoo ya mbele, ili mguu mzima ukanyage ukuta. Unapata sentimita kadhaa za urefu, unapata pa kubadilisha mkao, na ukisukuma kwa nguvu hakuna kitu kinachoteleza. Ukuta ukiwa karibu mno kwa miguu yako, hakuna sponji itakayokuokoa. Ila kwenye faiba, wapo wajenzi wanaokubali kuuweka ukuta mahali unapotaka ukiagiza kabla haijajengwa.

Nilichokosa kwenye hiyo ya tatu ni ugumu wa tumbo. Plastiki chini ya kilo 118 hubonyea. Baada ya kukokotwa ufukweni na kulala kwenye fremu juani, sehemu iliyo chini ya kiti ikaanza kuingia ndani. Haikupasuka wala haikuvuja, lakini mwendo ulipungua. Plastiki ina raha yake kwenye mawe, na kama pwani unayoingilia ni ya mawe matupu ningekwambia ichukue bila kufikiri sana. Ihifadhi ubavuni, au ishikiliwe kwa mikanda karibu na kuta za ndani, usiilaze kwa tumbo.

Ya nne ndiyo ninayoitumia. Faiba, mita 5.4 kwa 57, ujazo mkubwa, mdomo wa tundu 86 kwa 43, skegi, stoo tatu. Ukigawanya unapata 9.5, ile ile ya ngumi mbili, ingawa sikuichagua kwa hilo. Niliichagua kwa sababu ya sitaha ya nyuma. Katika kayaki nyingi za ujazo mkubwa mjenzi huinua sitaha yote, mbele na nyuma, na mtu mkubwa anabaki na ukuta mgongoni. Hii imeinuliwa mbele tu, kwa ajili ya magoti na viatu. Nyuma ya tundu inashuka. Naweza kulala nyuma, naweza kugeuza kiwiliwili bila mdomo wa tundu kunichimba kiuno, na kubwa kuliko yote, naweza kuipanda kutoka majini.

Hapo ndipo mtihani wa kweli wa kayaki ya mtu mkubwa ulipo, na sijui kwa nini tathmini nyingi zinauruka. Kupinduka kila mtu atapinduka. Swali ni nani anarudi ndani. Wakati wa kujaribu, nenda na mwenzako kwenye maji yaliyotulia yasiyofikika kwa miguu, pindua makusudi, na urudi ndani akiwa ameshikilia chombo chako. Mimi siwezi kujivuta kwa mikono peke yake mpaka tumbo lifike juu ya sitaha. Nikijaribu, namvutia mwenzangu majini. Ninachofanya: nalala chali kando ya tundu, kichwa kuelekea tezi, naingiza mguu mmoja ndani, kisigino cha mguu mwingine nakipandisha juu ya mdomo wa tundu, halafu nainua kiuno na kujiviringisha kuingia kifudifudi. Miguu ndiyo inayoinua, siyo mikono. Kwenye ile ya pili tundu lilikuwa dogo mno kwa kisigino changu. Kwenye ile ya kwanza mdomo ulikuwa mbali juu ya maji na upana ukanisukuma nje. Kwenye hii kiuno kinapita, jaketi linakwaruza kidogo, nipo ndani.

Ikiwa hilo huliwezi, kitanzi cha ukanda hufanya kazi: kinazungushwa kwenye mdomo wa tundu, kinaning'inia majini, unakanyaga na kupanda. Kifanyieni mazoezi kabla, kwa sababu urefu wa kitanzi ni wa mtu na mtu. Kikiwa kifupi goti halifiki, kikiwa kirefu mguu unakimbilia chini ya chombo.

Na maji yaliyoingia? Tundu kubwa hubeba maji mengi, na kila lita ni kilo moja na ushee inayokimbia huku na huku ndani wakati wewe mwenyewe unatafuta kutulia. Tazama ukuta wa nyuma uko wapi. Ukiwa umebana mgongo wa kiti, maji hayana pa kujificha; ukiwa mbali, kuna pipa zima la maji nyuma yako la kuteka na kumwaga. Wembamba hapa nao hawana bahati: sisi tukikaa, miili yetu inafukuza maji mengi zaidi nje kuliko yao.

Kasoro za hii ya nne? Zipo. Ina kilo 27 na mimi si mbeba mizigo. Kuipandisha juu ya gari peke yangu naegemeza omo kwanza, kisha nainua tezi, na bado mgongo unanikumbusha. Ikiwa tupu, upepo unaipenda. Mwenzangu wa kilo 65 aliiazima, akarudi kakasirika, anasema ilikuwa inamchukua kokote upepo utakako, na sketi yake haikutosha hata kufunika mdomo. Sitaha ya mbele iliyoinuliwa hugusa vifundo vya vidole nikipiga kafi kwa pembe ya chini, kwa hiyo nimehamia kafi la sentimita 220 na kulisimamisha zaidi. Uzi wa skegi ni mgumu, na changarawe likiingia kwenye nyumba ya skegi hakishuki kitu mpaka mtu aivute skegi kutoka chini kwa kijikamba. Nimekifunga mwenyewe, hakikuja nacho.

Neno kuhusu sketi, kwa sababu wenye matumbo wenzangu wanaijua shida hii. Sketi ina saizi mbili: ya mdomo wa tundu na ya kiuno chako, na zinaagizwa kila moja peke yake. Usikubali ya kiuno kidogo kwa kuambiwa itanyooka. Itanyooka, na pumzi itaisha. Ukishaivaa pamoja na jaketi, funga macho, inama, ukaitafute ile kamba ya mbele ya kuivulia. Tumbo na jaketi vikikutana hapo katikati, mkono unaweza kufika pungufu kwa vidole viwili tu, na vidole viwili kichwa kikiwa chini ni vingi. Nimefunga kitu cha duara kwenye kamba ile ili ishikike mapema. Jaketi nalo chagua la mgongo mwembamba chini ili lisigombane na mdomo wa tundu. Kuhusu nguvu ya kuelea usiogope: newtoni 50 ndicho kiwango cha kawaida cha jaketi la kayaki kwa mtu mzima, na mwili mnene huelea wenyewe kuliko mwili wa misuli mitupu. Kinachogomba ni mikanda. Livute jaketi kwa mabega ukiwa umekaa ndani. Jaketi likipanda hadi masikioni, tafuta lingine.

Ukinunua iliyotumika, ya faiba, anza kutazama sitaha nyuma ya tundu. Watu wazito hukalia pale wakati wa kuingia, na alama yake ni nyufa ndogo zinazotoka kwenye kitovu kimoja kuelekea pande zote. Chache za juu juu si neno. Bonyeza kwa kidole gumba: pakiingia na kutoa sauti, achana nayo. Tikisa kiti kwa nguvu kwenye vining'inizo vyake. Jaza maji kwenye tundu tu, subiri, kisha fungua stoo zote utazame kama kuna iliyolowa.

Kama wewe una kilo 90 na urefu wa mita 1.70, mengi ya HV hapa hayakuhusu, utapwaya na upepo utakuonea. Kalia kwanza ya ujazo wa kati, ushushe kiti, uvae viatu vyako vya majini, ukae humo saa nzima kwenye sakafu ya duka huku unaperuzi simu. Ganzi ikikukuta, ni bora ikukute hapo.